Bakapu nilikuwa nayo na bado nikapoteza mafaili ya miaka tisa

Nianze na hili maana ndo linaloniuma mpaka leo: bakapu, yaani nakala ya akiba ya mafaili, nilikuwa nayo. Sikuwa mtu ambaye hajawahi kusikia habari za kubakapu, hapana, nilikuwa na eksteno, ile diski ya nje ya kuchomeka, ya terabaiti 1 kwenye droo, na kila nikikumbuka naichomeka, naburuta mafolda yote, naacha ikopi usiku kucha mi naenda kulala. Asubuhi nachomoa narudisha kwenye droo, roho kwatu. Sasa shida yote imelala hapo kwenye "kila nikikumbuka", na nyingine nilikuja kuigundua nikiwa nimeshachelewa.

Laptopu yangu ilikuwa na diski ya zamani ile ya kuzunguka, sio SSD, zile za kisasa zisizo na kitu kinachozunguka. Kama siku mbili kabla ya kufa ilikuwa nzito ajabu, kufungua folda moja ya picha inakaa dakika nzima inafikiria, nikajisemea hivi ni virusi tu nitashughulikia wikendi. Afu jioni moja nikasikia sauti, tik, tik, kimya kidogo, tik tik, kama mtu anagonga meza kwa ukucha. Skrini ikaganda. Nikazima nikawasha, ikajaribu, tik tik, ikagoma. Nikazima tena nikawasha. Nadhani niliwasha mara saba au nane usiku ule. Mara moja ikakubali kufunguka, badala ya kukopi haraka vitu muhimu nikaenda kuiambia Windows ikague diski na irekebishe, ikafanya kazi hiyo usiku mzima huku inatika, na kesho yake nikapakua programu ya kuokoa mafaili nikaiachia nayo ikwangue diski hiyo hiyo.

Fundi wa kuokoa data aliponieleza baadae nilichofanya nilitamani ardhi ipasuke. Ni hivi, ndani ya zile diski kuna sahani zinazunguka kwa kasi na kichwa kidogo kinachosoma kinaelea juu yake bila kugusa, kichwa kikishaharibika kinaweza kugusa na kukwaruza sahani, na pale kilipokwaruza data imekwenda, hakuna wa kuirudisha. Kila nilipowasha nilikuwa naongeza mikwaruzo. Kwa hiyo tafadhali sana ndugu yangu, ukisikia diski inatika zima, chomoa, usiwashe tena hata kwa kujaribu, na kama data ni ya thamani mpelekee mtu mwenye vifaa. Programu za kuokoa zinafaa pale ambapo diski yenyewe ni nzima ila umefuta kitu kwa bahati mbaya, na hata hapo kama ni SSD usitegemee sana, SSD za siku hizi zikishaambiwa faili limefutwa huwa zinasafisha nafasi ile zenyewe kimya kimya.

Tuliingia kwenye akiba ya nyumba kulipia ile kazi. Kiasi kilizidi bei ya laptopu mpya, na tulisubiri wiki sita. Nilichorudishiwa ni kama theluthi, mafaili mengi hayana majina, picha zimekatika nusu rangi ya kijivu. Mke wangu alikuwa anaandika tasnifu yake kwenye kompyuta ile ile na hakunigombeza hata neno moja, alikaa tu kitandani akauliza "kwa hiyo sura ya tatu haipo?" Ningependa angenigombeza.

Sasa nikaenda kwenye ile eksteno ya kwenye droo. Tarehe ya mwisho miezi minane nyuma. Sawa, nikasema angalau ya zamani yapo. Nikaanza kutafuta video ya mama. Nilikuwa nimemrekodi mama akisimulia habari za ukoo wetu, nani alimzaa nani, walihamaje, saa nzima na ushee, faili moja kubwa la GB 6. Folda ipo, video haipo. Nimetafuta usiku mzima nikidhani nimeihamisha. Kumbe eksteno ilikuwa imefomatiwa kwa FAT32, mfumo wa zamani wa kupanga mafaili kwenye diski, na FAT32 haipokei faili moja linalozidi GB 4. Windows ilinionya siku ile nakopi, nakumbuka vizuri kabisa kile kiboksi, nikabonyeza ruka na nikatiki iruke yote ya namna hiyo nikalale. Mama yupo hai Mungu ni mwema, nimemrekodi tena, lakini kuna majina ameshayasahau na hakuna mwingine wa kumuuliza.

Angalia eksteno yako leo. Bofya kulia, sifa, utaona imeandikwa FAT32, exFAT au NTFS. Ikiwa FAT32 hamisha vilivyomo pembeni kwanza halafu ifomati upya, NTFS kama unatumia Windows tu, exFAT kama unahamahama kati ya Windows na Mac. Na ujue exFAT ni nyepesi kuharibika ukichomoa ghafla wakati inaandika, kwa hiyo itoe kwa utaratibu.

Baada ya msiba ule nikaruka upande wa pili, woga tupu. Nikaamua kila Jumamosi nakopi diski nzima, kila kitu, Windows yenyewe na vyote. Jumla ilikuwa GB 640. Na nilikuwa nachomeka kwenye tundu la USB 2.0 bila kujua, ambalo kwa uhalisia linakupa kama MB 35 kwa sekunde ukibahatika, piga hesabu, zaidi ya saa tano, na hiyo ni kama mafaili ni makubwa makubwa, yakiwa madogo madogo maelfu inakuwa mbaya zaidi maana kila faili kuna kazi ya kulifungua na kulifunga. Tundu la USB 3.0, mara nyingi lina ulimi wa bluu ndani, lingenipa zaidi ya MB 100 kwa sekunde kwa eksteno ile ile, chini ya saa mbili. Lakini hata saa mbili ni nyingi. Wiki ya kwanza nilifanya, ya pili nikafanya, ya tatu nikafanya nikiwa nimenuna, ya nne kulikuwa na shughuli, ya tano sikumbuki hata kama niliwaza. Ndani ya miezi miwili nilikuwa nimerudi pale pale pa kila nikikumbuka, tena safari hii nikiwa nimeshaumia.

Hapo ndo nilikaa chini nikatafakari. Nilikuwa nadhani kinachokosekana ni nidhamu yangu, kumbe mzigo wenyewe ni mkubwa mno, hakuna binadamu atakayeubeba kila wiki maisha yake yote. Inabidi mzigo upungue mpaka kompyuta iubebe yenyewe bila mimi.

Nikaweka WinDirStat, ni programu ya bure inakuchorea ni folda gani imekula nafasi kiasi gani. Nikaanza kupita folda moja moja nikijiuliza swali moja tu, hiki kikipotea leo nitakipata wapi? Windows na maprogramu, napakua tena. Magemu, napakua tena. Filamu, mungu wangu zilikuwa GB 200 na ushee, sizihitaji. Folda ya vitu vilivyopakuliwa, uchafu wa miaka. Takataka za muda ambazo programu zinajiwekea, achana nazo. Kilichobaki ambacho hakuna mahali popote duniani nitakipata tena, picha, video za familia, maandishi, vyeti vilivyoskaniwa, kazi zangu, tasnifu, kilikuwa GB 90. Tisini kati ya mia sita arobaini! Nilikuwa najitesa kubeba gunia la makapi ili nisipoteze vikombe vichache vya nafaka.

Ila hapa pana mtego, usiwe na haraka. Kuna vitu muhimu havikai kwenye folda ya picha wala ya maandishi. Barua pepe kama unatumia programu ya kwenye kompyuta, bukumaki za brauza, mipangilio na templeti ulizotengeneza kwa mkono, hifadhidata ya programu ya mahesabu, vingi vinajificha kwenye folda ya AppData ambayo kwa kawaida Windows haikuonyeshi. Mi nilipoteza maelezo yote niliyokuwa nimeandika kwenye programu moja ya kuhifadhi noti kwa sababu sikujua inaweka wapi. Fungua kila programu unayoitumia kila siku, ingia kwenye mipangilio, tafuta inahifadhi wapi. Inachosha, inachukua jioni nzima, ila unafanya mara moja.

Sasa kosa jingine kabla sijafika kwenye ninachofanya sasa hivi. Nikasema si kuna klaudi, hifadhi ya mtandaoni, naweka GB 90 zote kule zinajisinki zenyewe simu na kompyuta, yamekwisha. Nilikaa kwa amani kama miezi minne. Siku moja simu imejaa, nikafuta folda ya picha za zamani kwenye simu nikijua kopi ziko klaudi. Ndugu yangu, kusinki maana yake ni kufananisha, ukifuta hapa inafuta na kule na kule. Nilikuja kushtuka baada ya zaidi ya miezi miwili na pipa la taka la huko lilikuwa limeshajisafisha. Nilichookoa ni kile kilichokuwa kwenye zile kopi nzito za Jumamosi, ambazo nilikuwa nazilaani. Kusinki ni kuzuri kwa kazi yake, mi bado nakutumia, lakini usikuite bakapu.

Na kuna hii ya tasnifu ambayo ndo ilinifundisha kuhusu matoleo. Mke wangu alifungua faili siku moja akakuta sura ya nne ina kurasa mbili, ilitakiwa iwe na thelathini. Alikuwa amefuta kimakosa wiki tatu nyuma akahifadhi bila kujua, na tangu hapo kila bakapu ilikuwa inakopi faili bovu juu ya zima. Kopi tatu sehemu tatu, zote bovu, zote zinafanana vizuri. Tulipona kwa sababu alikuwa amemtumia msimamizi wake rasimu kwa barua pepe. Kwa hiyo bakapu lazima ikumbuke jana na juzi na mwezi uliopita, sio hali ya leo tu.

Sasa ninavyofanya. Kuna kanuni inaitwa 3-2-1, iliyoenezwa na mpiga picha Mmarekani Peter Krogh, kopi tatu za data, kwenye vifaa vya aina mbili, moja iwe nje ya nyumba. Nilikuwa nimeshaisoma zamani nikaona ni mambo ya makampuni. Si kweli, kwa GB 90 ni kazi ndogo kabisa.

Kila usiku programu inayoitwa Restic inaamka yenyewe kwa ratiba na kupeleka bakapu klaudi. Ni ya bure, inaendeshwa kwa kuandika amri, mwanzoni inatisha, nilikaa nayo siku mbili mpaka nikaielewa. Nimeipenda kwa sababu inakatakata mafaili vipande, inaangalia kipande gani tayari kipo kule, inapeleka vipya tu. Zamani nikibadilisha jina la folda ya picha, kopi ya kawaida inaona ni folda mpya inakopi GB zote upya, Restic inajua vipande ni vile vile haipeleki kitu. Mara ya kwanza ndo mateso, kasi yangu ya kupandisha ni megabiti 5 kwa sekunde, hapo GB 90 ni saa 40 hivi, nikaigawa kwa usiku kadhaa. Ningepandisha zile 640 ingekuwa karibu siku 12 mfululizo. Siku hizi usiku wa kawaida inamaliza ndani ya dakika tatu nne. Nimeiambia ishike nakala za siku 7, wiki 5, na miezi 12, zaidi ya hapo itupe.

Kama hutaki kuandika amri, Mac ina Time Machine tangu 2007, inashika nakala za kila saa kwa saa 24 zilizopita, za kila siku kwa mwezi, za kila wiki kwa huko nyuma zaidi, unachomeka diski unakubali basi. Windows ina Historia ya Faili (File History) tangu Windows 8. Zote mbili zinakopi kilichobadilika tu na kuweka matoleo, na kwa mtu wa kawaida zinatosha kabisa kwa ile kopi ya nyumbani.

Kopi nyingine ni eksteno mbili ambazo zina mafaili ya kawaida tu, unachomeka unafungua. Hii nilifanya makusudi. Ile ya Restic imefungwa kwa nywila na vipande vyake huwezi kuvisoma hivi hivi, sasa siku mi sipo, nimelazwa au nimefariki, mke wangu ataanzaje kuandika amri? Anachomeka eksteno anaona picha. Nawaomba sana mlifikirie hili wale mnaopenda mambo ya kiufundi kama mimi.

Hizi natumia robocopy, amri ya kukopi mafaili, imo ndani ya Windows. Ina namna ya kufananisha, /MIR, inakopi kilichobadilika na inafuta upande wa pili kile ambacho huku hakipo. Tahadhari kubwa hapa! Ukikosea ukaweka eksteno mpya tupu kuwa chanzo na kompyuta kuwa mwisho, itafuta kompyuta yako ifanane na utupu. Nilikuwa nimeshaandika hivyo hivyo, kilichoniokoa ni kwamba nilikuwa nimejizoesha kuongeza /L kwanza, hiyo inakuonyesha kitakachotokea bila kufanya kitu. Nikaona orodha ndefu ya mafaili yatakayofutwa, mikono ikanitetemeka.

Eksteno haikai imechomekwa. Ilikuwa inakaa imechomekwa siku zote kwa ajili ya urahisi, mpaka niliposoma vizuri kuhusu WannaCry ya Mei 2017 na ndugu zake, virusi vinavyofunga mafaili yako kwa siri kisha vinadai pesa, vinafunga kila diski vinayoiona, na eksteno iliyochomekwa inaonekana. Umeme ukipiga nao unapitia humo humo. Kwa hiyo nachomeka, nafananisha, dakika kumi, nachomoa. Moja inakaa nyumbani, moja inakaa kwa dada yangu, tukikutana tunabadilishana. Zote nimezifunga kwa BitLocker, kifungio cha Windows cha kufunga diski kwa nywila, maana eksteno inayotembea inaweza kudondoka njiani na humo kuna vitambulisho vyetu wote. Mke wangu anaijua nywila, ndo maana hilo halimzuii.

Halafu nywila zenyewe. Kwa miezi mitatu nywila ya Restic na funguo za BitLocker vilikuwa kwenye faili moja, na faili hilo liko ndani ya kompyuta. Yaani kompyuta ikifa, bakapu zote zipo na hakuna anayeweza kuzifungua. Restic ukipoteza nywila hakuna wa kumwomba msamaha, imekwisha. Siku hizi zimeandikwa kwa kalamu kwenye karatasi mbili, moja na vyeti vya nyumba, nyingine kwa dada, na sio kwenye mfuko mmoja na eksteno.

La mwisho ndo nililichelewa kuliko yote, kujaribu kurudisha. Nilikuwa naona kila usiku imeandika imefanikiwa nikaridhika. Siku nimenunua laptopu nyingine nikasema ngoja nijifanye ile ya zamani imekufa, nisiiguse kabisa, nirudishe kila kitu kutoka bakapu. Picha za miaka miwili hazikuwepo. Majina ya folda yapo, ndani hamna. Nimehangaika mpaka nikaelewa, ile huduma ya kusinki ilikuwa imejiwekea utaratibu wa kupunguza nafasi, faili unaliona kwenye folda na jina lake na ikoni yake, ila lenyewe liko klaudi, linashuka ukilibofya tu. Bakapu yangu ilikuwa inayakuta maganda inayaruka na kwa upande wake kila kitu kimefanikiwa. Kompyuta ya zamani bado ilikuwa mzima kwa hiyo nikaingia kwenye mipangilio nikachagua mafaili yote yakae kwenye kifaa, nikabakapu upya. Ingekuwa imekufa kweli, na zile picha nikazifuta simu kama nilivyofanya mara ya kwanza, ningekuwa naandika mambo mengine hapa.

Siku hizi kila mwisho wa mwezi nachagua folda moja bila mpangilio, narudisha sehemu ya pembeni, nafungua picha kadhaa, nacheza video mpaka mwisho sio sekunde za mwanzo tu. Kila baada ya miezi kadhaa naiambia Restic isome data yote na kuikagua. Mwezi uliopita nilichagua ile rekodi mpya ya mama, nikaichomeka eksteno ya kwa dada, tukakaa naye tukaisikiliza yote. Dada ndo akasema kuna jina la babu mmoja mama amelikosea, analikumbuka kutoka ile ya kwanza. Tumeliandika.